Nywele za Dada Zuwena

Jumatatu iliyopita niliosha nywele za dada yangu. Niliziosha kwa maji ya mkunazi, kisha ya kafuri, nikazichana kwa chanuo lake mwenyewe nililolitoa kwenye droo yake, nikawa nazisuka mikia mitatu, kama tunavyofanyiwa wanawake wote wa Kiislamu siku ya mwisho. Kwenye ile droo, kando ya chanuo, kulikuwa na finjani ya kahawa, na ndani yake kokwa tatu za tende, kavu kama changarawe. Mwenzangu mmoja aliyekuwa anashika birika la maji akataka kuzitupa. Nikamwambia aache. Nje, uani, wanaume walikuwa wanasubiri, na dirisha lilikuwa wazi nyuma ya pazia, kwa hiyo kila neno liliingia. Nikamsikia sheikh anauliza ni nani atashuka kaburini kumpokea marehemu. Mumewe, shemeji Salum, alikwisha kututangulia. Kaka hatukuwa nao. Mtu akasema, "Mutoto wake iko hapa, Nasibu." Halafu nikamsikia Nasibu mwenyewe, mwanamume wa miaka thelathini na mbili mwenye ndevu zake na duka lake, anajibu polepole: "Apana, sheikh. Mi siwezi kumugusa. Mi si maharimu wake. Mama mwenyewe aliniambiaka, tangu niko na miaka kumi na mbili." Chanuo likaniponyoka.

Maharimu ni mtu ambaye mwanamke anaweza kukaa mbele yake bila mtandio: mwanawe, kaka yake, mtoto wa dada yake. Nasibu hakuzaliwa na Zuwena. Aliletwa kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, akiwa na miezi mitatu, na mimi nilikuwa ndani ya gari. Kwetu mtoto wa kulea hawi mwana kwa karatasi ya tribinali, ile mahakama, hata ikiwa na mihuri kumi. Kinachomwingiza nyumbani ni maziwa. Akinyonya kwa dada ya yule mama anayemlea, basi amekuwa mtoto wa dada yake, mlango umefunguka, anaweza kumkumbatia mpaka anazeeka. Dada yake Zuwena ni mmoja tu, ni mimi Hadija. Kwa hiyo swali la sheikh pale uani lilikuwa langu, na nilikuwa nimelikimbia miaka thelathini na mbili. Nitaueleza mwaka ule kama ulivyokuwa, wala sitajipamba.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na nilizaa binti. Tulimwita Salma siku ya saba, na siku ya tisa tukamzika. Alizaliwa hospitali kule Kamenge, mdogo, mzuri, na pumzi yake ilikuwa fupi tangu mwanzo, hakuna wa kulaumiwa. Baada ya maziko wamama walikuja na kipande cha kitenge kilichochanwa ili wanifunge kifua maziwa yakauke, ndiyo desturi. Dada Zuwena akawazuia mlangoni. "Mumuache kwanza," akasema. "Asifungwe." Mimi nikadhani ni huruma, kwamba anajua namna kifua kinavyouma. Akamwambia mume wangu Ramadhani, ambaye alikuwa fundi wa magari Buyenzi na siku zile hata kula alikuwa hawezi, kwamba ananichukua kwake mpaka nipate nguvu. Ramadhani akakubali. Nani angemkatalia Zuwena? Alikuwa na miaka thelathini na nne, ameolewa na mfanyabiashara mwenye asili ya Uarabuni, ana nyumba nyuma ya duka la vitambaa, na akisema jambo linakuwa limeisha.

Alinipa chumba cha pembeni, kati ya jikoni na stoo. Kilikuwa na kitanda cha chuma, na ukutani majora ya vitenge yaliyokosa nafasi dukani yamepangwa mpaka juu, kwa hiyo nililala na kuamka na harufu ya kitambaa kipya. Mpaka leo nikiingia duka la vitenge kifua kinanibana. Kila asubuhi Dada aliniletea uji wa mtama wenye karanga, mchana supu ya samaki mukeke, saa kumi chai ya maziwa na mandazi. Hakuwa akimtuma mtu, alileta mwenyewe, akakaa kwenye kizingiti mpaka nimalize. Nilikuwa namwambia, "Dada, nimeshiba," naye anasema, "Kunywa, sha, ile uji ni ya mwili." Nikawa nalia ndani ya bakuli kwa sababu ya wema wake. Kumbe ukuta wa kile chumba ulikuwa wa mbao upande wa jikoni. Alasiri moja nikamsikia shemeji Salum anauliza kwa sauti ya chini, "Maziwa yake ingali iko?" Na Dada akajibu, "Iko. Lakini papye zitoke haraka, isije ikakauka." Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikakiweka chini. Nikaelewa kwa nini kitenge kilirudishwa mlangoni siku ile.

Sasa kama mtu ananiuliza kwa nini sikuondoka, nitamwambia ukweli: nilitaka. Siyo kuondoka, nilitaka huyo mtoto. Nilikasirika mpaka meno yanauma, nikasema moyoni huyu amenitunza kama watu wanavyotunza ng'ombe, na palepale nikaanza kuhesabu siku za mtoto kufika. Mambo yote mawili yalikaa ndani yangu kwa pamoja na wala hayakugombana. Dada alikuwa amengoja miaka kumi na tatu bila kuzaa. Alijua watoto wa kila jirani kwa majina na tarehe zao. Hilo nalo nililijua, na halikunilainisha.

Zile papye, karatasi za kumlea mtoto, zilitoka siku ya Jumatano. Asubuhi yake tukavuka mpaka kwa gari la shemeji, tukafika Uvira kwenye kituo kidogo cha watoto, na mwanamke mwenye aproni akatuletea mtoto amefungwa kwenye taulo lenye mistari ya bluu. Mama yake alifariki siku ya kumzaa, baba hakujulikana. "Huyu anapenda kulala kwenye kifua," yule mwanamke akasema, halafu akageuka haraka akaingia ndani, nadhani alikuwa analia. Dada alimpokea kwa mikono miwili iliyonyooka mbele, kama mtu aliyepewa sinia la vyombo vya watu. Mtoto akaanza kulia kabla hatujafika kwenye gari na hakunyamaza. Pale mpakani, upande wetu, ofisa akachukua karatasi, akazisoma, akatuangalia sisi wawili kwenye kiti cha nyuma. "Mama ya mutoto ni nani hapa?" akauliza. Dada akasema, "Ni mimi." Yule bwana akaniangalia mimi. Gauni langu lilikuwa limelowa mbele, sehemu mbili, kila mtu anaona. Akanirudishia mimi zile karatasi, hakumpa Dada, akasema, "Haya, mama, mwende salama." Wala hakuwa na ubaya. Dada akanyoosha mkono akazichukua juu ya mapaja yangu.

Tulipofika Kajaga mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekatika. Biberoni, ile chupa ya maziwa, alikuwa anaitema. Shemeji akasimamisha gari kando ya barabara, akashuka, akaenda kusimama ufukoni walipokuwa wameanika ndagala, dagaa wa ziwani, akatugeuzia mgongo. Dada akanitazama. "Basi, Hadija," akasema. "Bismillahi." Nikamchukua. Sitaeleza sana. Alishika kama mtu aliyekuwa amenitafuta. Mwili wangu wote uliosimama tangu siku ya tisa ukaanza kutembea tena. Nililia kwa sauti, na Dada naye akalia, amegeuza uso dirishani anaangalia ziwa, na wauza ndagala wakadhani tumetoka msibani. Alinyonya mpaka akaachia mwenyewe, mdomo wazi, amelala. Dada akasema kwa sauti ndogo sana, "Moja."

Kwa sababu sheikh wa zamani, yule aliyewafundisha nusu ya Buyenzi, alikuwa amemweleza Dada sharti la maziwa: mara tano, mbalimbali, kila mara mtoto ashibe na aachie mwenyewe bila kunyang'anywa. Zikiwa na shaka, hazihesabiwi. Dada alikuwa mcha Mungu wa kweli, hakuwa mtu wa kubahatisha. Alichukua finjani akaiweka kwenye rafu ya jikoni, na kila mara mtoto alipoachia, alikula tende moja akatia kokwa ndani. Mpaka Ijumaa mchana kulikuwa na kokwa tano. Alipika pilau siku ile, akanitilia nyama ya juu, akanishika kichwa na mikono yote miwili. "Mungu akulipe, mudogo wangu. Umenipa mutoto. Sasa pumuzika, tutamuzoesha biberoni." Kisha akafungua mtandio wake, akambeba Nasibu, akaacha achezee nywele zake. Alikuwa na nywele Dada Zuwena, jamani, nyeusi, nzito, zinafika kiunoni. Mtoto alizishika kwa ngumi zote mbili na akacheka, mara ya kwanza tangu Uvira. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya sahani ya pilau na niliona kwamba kazi yangu imekwisha.

Hapo ndipo niliposema uongo wa kwanza. Nilisema kesho yake, tukiwa tunachambua lengalenga. "Dada, nataka kukuambia kitu, usinikasirikie. Ile ya ine na ile ya tano sina hakika nayo. Ya ine alilala mbele ya kushiba. Ya tano nilimutoa mi mwenyewe, alikuwa ananiuma." Mikono yake ikasimama kwenye majani. Hakugomba. Aliinuka, akachukua finjani, akatoa kokwa mbili, akazitupa. "Basi tutarudia," akasema. "Afadhali umesema." Tukarudia, tukarudia. Leo nasema alitapika, kesho nasema alishtuka mtu alipogonga geti, kesho kutwa nasema sijui, Dada, sina hakika. Miezi ikaenda. Nasibu akanenepa, akaota meno, akakaa, akaanza kutambaa kati ya majora ya vitenge. Tatu zilibaki tatu. Watu watasema Dada alikuwa mjinga gani. Hakuwa mjinga. Mtu asiyewahi kunyonyesha angejuaje? Mimi ndiye niliyekuwa na elimu hiyo, yeye alikuwa na uchamungu tu, na nilimpiga palepale kwenye uchamungu wake.

Hata sasa nikikumbuka miezi ile sikumbuki kama mtu mwovu, hilo ndilo baya. Nakumbuka furaha. Nakumbuka jua la asubuhi kwenye sakafu ya jikoni, Nasibu anagonga sufuria kwa mwiko, Dada anacheka mpaka anashika ubavu. Tulikuwa mama wawili na mtoto mmoja na tungeweza kuendelea hivyo. Ramadhani alikuwa anakuja kila Ijumaa baada ya sala, anakaa na kofia yake magotini, anauliza, "Hadija, unarudi lini?" nami nasema, "Mutoto bado." Alikuwa mpole sana yule bwana. Nilimchosha.

Mwezi wa nane tangu aletwe, nadhani ilikuwa Alhamisi, nilikuwa chumbani nimemlaza Nasibu kwenye mapaja, ameshiba, ananitazama. Akanishika kidevu akasema, "Mama." Neno lake la kwanza. Mimi badala ya kunyamaza nikamwambia, "Egome, ndiyo, mi ndo mama yako. Yule mwingine anakulea tu." Nilisema kwa kucheza, kwa sauti ile tunayowasemesha watoto. Nilipoinua macho pazia la mlango lilikuwa linatikisika. Nikasikia ndala za Dada zinarudi jikoni. Hakuja. Alimaliza kupika. Alinipakulia ugali wa muhogo na maharage na kipande cha samaki, akanikalisha, akaningoja nimalize, kama kawaida yake. Halafu akasema, "Bwana yako anakusubiri kwake. Funga vitu vyako, shemeji atakufikisha." Akaenda kwenye rafu akachukua finjani. Kokwa zikalia ndani. "Ila uniambie kitu kimoja, mbele ya Mungu. Imetimia, ao haijatimia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu. Alikuwa ananifukuza na wakati huohuo ananiomba, na mimi niliona la kufukuzwa tu. "Haijatimia," nikasema. "Na haitatimia. Huyu mutoto hana damu yako, na maziwa ya ndugu yako hana. Ni mugeni kwako. Akiota ndevu utajifunika mbele yake kama unavyojifunika mbele ya wateja." Alinitazama kama vile nimemwagia maji ya moto. Nikabeba mfuko wangu. Nilipofika barabarani Nasibu alikuwa ameanza kulia, na nilimsikia mpaka gari lilipokata kona. Kitenge cha kufungia kifua nilijifunga mwenyewe siku ile, nyumbani kwa Ramadhani, mlango nimeufunga.

Mwaka uliofuata tulihamia Kigoma na tulikaa huko zaidi ya miaka ishirini. Nikazaa wengine wawili. Kila mwaka kabla ya mfungo mimi na Dada tulipigiana simu, kama watu wote: "Tusameheane." "Nimekusamehe, na we unisamehe." Kila mwaka ulimi wangu ulifika kwenye lile neno ukarudi. Nilijidanganya kwamba alijua. Nilijiambia mtu mwenye akili kama Zuwena anajua kabisa kwamba yale ni maneno ya hasira, mtoto anyonye miezi minane asishibe mara tano? Miaka mitatu iliyopita tukarudi, nikapata nyumba Mutakura, nikawa naenda kumwona sikukuu. Namkuta kajifunika nyumbani kwake, nasema ni uzee na ibada. Namwona Nasibu anamsalimia kutoka mlangoni, mkono kifuani, hamsogelei, nasema vijana wa siku hizi hawana adabu ya kumkumbatia mama. Yebabawe! Nilikuwa naona kazi ya mdomo wangu na namlaumu mtoto.

Kwa hiyo Jumatatu, chanuo likiwa chini, nilimaliza mkia wa tatu, nikamfunika Dada uso, nikajifunika na mimi, nikatoka uani mbele ya wanaume, mikono inadondosha maji ya kafuri. Nikasema, "Sheikh, mi ndo nilimunyonyesha huyu. Nilikuwa dada ya marehemu, wa mama moja na baba moja. Alinyonya hapa nyumbani miezi minane." Sheikh akauliza kama sheria inavyomtaka, "Mara tano za kushiba, mama? Una hakika, bila shaka?" Nikamwambia, "Tano zilitimia Ijumaa ya kwanza. Nilimwambia marehemu hazikutimia. Nilisema uongo." Sheikh akainamisha kichwa, kisha akamgeukia Nasibu: "Basi marehemu ni mama yako mukubwa kwa maziwa. Shuka, umupokee." Nasibu hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. "Na mama alikufa bila kujua?" akauliza. Nikasema, "Ndiyo. Bila kujua."

Wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo sikuona. Niliambiwa kwamba alishuka wa kwanza, akampokea begani na kichwani, na watu wakamngoja, kwa sababu alikawia kumweka chini. Mimi nilibaki kwenye mkeka wa kile chumba cha pembeni, chenye majora ya vitenge bado, nikiwa na finjani mapajani, nikimngoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa. Neno lolote angeniita ningelipokea. Alirudi alasiri, udongo umemganda mpaka kwenye viwiko, akavua viatu, akakaa kando yangu, si mbele yangu.

"Mama mudogo," akasema, "we ndo ulimuosha kichwa?"

"Ni mimi."

"Mara ya mwisho nilizionaka nilitoka shule, alikuwa anazipaka mafuta. Kesho yake akavaa mtandio, hakuvua tena. Zilikuwa nyeusi. Zilikuwaje sasa?"

Nikamwambia mbele zilikuwa nyeupe pe, nyuma bado nyeusi, na zilikuwa laini. Nikamwambia zilikuwa zinanukia mafuta ya nazi hata baada ya kafuri. Akageuka akanipa mgongo, akaniambia nimwonyeshe zilifika wapi. Nikaweka mkono wangu juu ya shati lake, chini kidogo ya bega, nikauacha pale.